Kivuli cha Mtani

Siku kazi yake ilipooneshwa darasani, wanafunzi wa safu ya mbele walivuta viti nyuma bila kuambiwa na mtu. Semeni Kindole aliiona hofu ile, moyo wake ukajaa furaha. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa mwisho katika Chuo cha Uhuishaji pale Iringa, na tangu azaliwe hakuwahi kumtisha hata kuku.

Ukutani alikuwa amesimama mzee mrefu, mabega yamepanda hadi masikioni. Kichwa kiligeuka polepole kama kinachomtafuta mtu fulani, kisha macho yakatua. Mkono wa kulia ukarudi nyuma kidogo, kama wa mtu anayetaka kupiga, ukabaki huko huko nyuma. Haukupiga. Ufundi wenyewe ulikuwa hapo, maana mkono uliokwisha kupiga hautishi tena.

"Sekunde ngapi?" aliuliza Mwalimu Luvanda.

"Tatu, Mwalimu."

"Picha ngapi?"

"Sabini na mbili. Nguzo nne, zilizobaki ni picha za kati."

Mwalimu aliligeukia darasa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukata. "Mmeona? Sekunde tatu. Mwuguzi dirishani, kondakta mlangoni, karani mezani, hawana muda wa kumsoma mtu kama barua ya mirathi. Wanatazama kivuli, wanajua wanashughulika na nani. Haya, huyu ukimwona utamfungulia mlango?"

"Labda niwe nimekunywa ulanzi wa jana na wa juzi," alisema kijana mmoja kutoka nyuma, na darasa zima likacheka.

Semeni naye alicheka. Asubuhi ile alipopanda basi, kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimemtangulia kwenye kioo cha mlango: msichana mnyoofu anayeinamisha kichwa kabla ya kusema. Dereva alikitupia jicho, mlango ukafunguka. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali sasa, zahanati, sokoni, benki, hata kanisani siku za sikukuu. Ulipofika, kivuli chako kilikuwa kimekwisha kukusemea.

Vivuli vilitengenezwa hivi. Mtambo ulikusanya yote ambayo mtu aliyasema mtandaoni tangu siku ya kwanza, ukayapima uzito, ukatoa zile nyakati chache ambazo maneno yake yalikuwa makali au matamu kupita mengine. Hizo ndizo picha nguzo. Lakini mtambo haukujua mtu alitokaje kwenye nguzo moja akafika kwenye nyingine, kama alikwenda akicheka au amekunja ngumi. Safari hiyo aliichora binadamu. Picha za kati zikichorwa kwa wepesi, hata tusi huonekana mzaha. Zikichorwa kwa uzito, mzaha hugeuka tishio. Semeni alilijua jambo hilo tangu muhula wa kwanza. Lilikuwa limeandikwa ukurasa wa tisa wa kitabu cha somo, naye alikuwa amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Kazi ya mwisho ilikuwa kumchora mtu ambaye hajapata kivuli bado. Watu wa namna hiyo walikuwa wamebaki wachache, wengi wazee wa vijijini. Semeni alimchagua Mzee Ndahani wa Chipogoro, Mgogo, mtani wa babu yake. Alikwenda kumwomba ridhaa, na mzee alitia dole gumba kwenye kioo bila kusoma hata mstari mmoja.

"Chukua, mjukuu wa mtumwa wangu," alisema. "Chukua na ngozi yangu ukamtengenezee babu yako viatu, maana hivi alivyonavyo vinacheka."

Mtambo ukayachukua maneno ya miaka kumi na mitano na kurudisha nguzo nne. Zote zilikuwa ujumbe kwa babu yake Semeni, Babu Atilio. *Mtumwa wangu, mwaka huu nakuzika, sikuongezei hata mwezi.* Nyingine: *Nikifika huko nakung'oa hayo meno mawili uliyobakiza.* Nyingine tena: *Ukoo wako wote ni mali yangu, nitauuza Mtera kwa debe moja la samaki.* Chini ya kila nguzo palikuwa na nafasi iliyouliza maneno hayo yalisemwa katika hali gani.

Semeni aliandika: utani. Kisha akakumbuka kwamba kazi yenye maelezo hurudishwa kwa wakaguzi, na ukaguzi huchukua majuma matatu, na siku ya mwisho ya kukusanya kazi ilikuwa Ijumaa. Akakumbuka pia Mwalimu Luvanda akisema kwamba kivuli kizuri kina tabia moja. Akalifuta neno lile, akaacha nafasi nne zikiwa tupu. Halafu akazichora picha za kati sitini na nane, kila moja nzito kama jiwe la kusagia.

Pamoja na mchoro alitakiwa kuambatanisha ukurasa mmoja wa tafakuri kuhusu tabia ya mtu, misingi ya uhuishaji na mwenendo wa mtandaoni. Aliandika kwamba tabia ni kile kinachorudiwa, kwamba mtandaoni mtu husema alichokificha uso kwa uso, na kwamba kazi ya mchoraji ni kukitoa nje. Mwalimu aliusoma ukurasa huo kwa sauti mbele ya darasa. Semeni alipata alama tisini na sita, kazi ikapelekwa siku hiyo hiyo Baraza la Mienendo, linaloidhinisha vivuli vyote, na Mzee Ndahani akawa na kivuli.

*

Mwezi mmoja na nusu baadaye alikwenda Ifunda kumwona babu yake. Moyo wa Babu Atilio ulikuwa umechoka. Alikuwa akiota jua uani, amefunikwa blanketi mbili, simu iko mapajani kama paka.

"Kamwene, babu."

"Kamwene, mke wangu. Bora umekuja. Bibi yako hapa ananinywesha uji kama anatia mafuta taa."

"Usipokunywa nakumwagia," Bibi Zelida alijibu kutoka jikoni.

Babu hakucheka. Aliinyanyua simu akampa Semeni. "Macho yangu hayasomi tena. Hebu angalia. Mgogo wangu hajanijibu siku arobaini na moja. Nimezihesabu. Yule alipong'olewa jino alinitukana akiwa na pamba mdomoni. Alipofiwa na mkewe alinitukana jioni ile ile, nikajua kwamba atapona. Sasa kimya. Kafa?"

Semeni alifungua simu. Chini ya kila ujumbe wa babu palikuwa na mstari mmoja mwekundu: *Mtu huyu amezuiwa kuwasiliana nawe kwa ajili ya usalama wako.* Aliusoma mara ya kwanza na mara ya pili. Masikio yakamwaka moto.

"Panasemaje?"

Angeweza kusema pale pale. Pale uani hakuwepo mtu mwingine ila kuku na yule mgonjwa aliyemlea.

"Mtandao wa kule Chipogoro ni mbovu, babu. Mnara umeanguka."

"Ahaa." Mzee alitulia. Alianza kukunja na kukunjua pindo la blanketi. "Mimi nilidhani nimemkosea. Juma lile la mwisho nilimwambia kwamba ng'ombe wake wamekonda hadi wanapita chini ya mlango. Kumbe nilisikia baadaye kwamba ukame umemla kumi na mmoja. Mimi sikujua. Hata utani una mpaka wake, Semeni, na mtu anaweza kuuvuka usiku akadhani bado yuko kwake."

"Hakukasirika, babu."

"Umejuaje? Kaa hapa. Andika."

"Niandike nini?"

"Andika: Ndahani, nisamehe."

Semeni alimtazama. Wazee wale wawili walikutana wakijenga barabara ya Dodoma, babu yake akiendesha greda na Ndahani akishika kamba ya kupimia. Kwa zaidi ya miaka arobaini hawakuwahi kuombana radhi. Mhehe na Mgogo hawaombani radhi. Utani wao ulikuwepo kabla babu zao hawajazaliwa, na anayeomba msamaha ndani yake ni kama amevua nguo sokoni.

"Babu, atakucheka."

"Ndicho ninachotaka. Andika."

Akaandika. Akabonyeza. Mstari mwekundu ukatokea tena, naye akaufunika kwa kidole gumba.

"Umekwenda?"

"Umekwenda, babu."

Jioni ile, akiwa kwenye basi la kurudi mjini, aliitafuta kanuni ya kufungua kivuli upya. Haikuwa ngumu. Mchoraji anatakiwa kufika mwenyewe mbele ya Baraza, aandike kwamba alijua hali ya maneno na hakuitaja. Akisha kuandika hivyo, cheti chake, hata kama ni cha uanafunzi, kinafutwa, na hatashika tena kalamu ya kivuli maisha yake yote. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza majuma matatu. Hospitali moja ilikuwa imekwisha kumwahidi kazi, na mama yake alikuwa amekwisha kutangaza habari hiyo kwa kila aliyepita mlangoni.

Alijiambia kwamba atamaliza mtihani kwanza. Majuma matatu si kitu kwa watu waliotukanana miaka arobaini.

Babu Atilio alifariki siku ya kumi na moja. Bibi Zelida alisema kwamba hadi jana yake alikuwa akiuliza kama mnara wa Chipogoro umesimamishwa.

*

Nyumba ilijaa watu. Jambo la kwanza Bibi aliloliuliza, kabla ya jeneza na kabla ya padri, lilikuwa hili: "Mtani amejulishwa?"

Hakuhitaji kujulishwa. Mchuuzi wa samaki alikuwa amezipeleka habari hadi Chipogoro, na Mzee Ndahani alikuwa ameshatoka kwake kabla jogoo hajawika. Saa tatu asubuhi simu ya Semeni ililia. Namba hakuijua, sauti aliijua.

"Semeni, mjukuu wa marehemu wangu! Njoo unitoe huku Mtera, mtumwa wangu asije akaoza ananisubiri. Nimezuiwa kwenye kizuizi. Kuna jitu kwenye kioo, wanasema ndiyo mimi. Mimi nimezeeka, sikatai, lakini mabega yangu hayajawahi kupanda vile. Lile jitu lina mabega ya tai!"

"Babu Ndahani—"

"Na askari ni kijana mzuri tu, ananiita mzee, ananipa maji. Lakini kila akikitazama kioo anarudi nyuma hatua mbili. Imekuwa hivi miezi miwili sasa. Kwenye mashine ya kusaga, watu wananipisha foleni, nami nikadhani ni heshima! Nani kanichora hivi?"

Semeni alitoka uani, akapita nyuma ya jiko. Akaegemea ukuta.

"Ni mimi, babu."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyekichora. Yale maneno uliyonipa. Nilijua ni utani, kulikuwa na mahali pa kuandika, sikuandika. Nilitaka alama."

Upande wa pili alisikia upepo wa bwawani na mtu akitangaza bei ya perege.

"Si nilikupa kwa mkono wangu," alisema mzee taratibu, kama anayemweleza mtu mwingine.

"Ndiyo, babu."

"Na Atilio? Alijua? Nilimwandikia, hakujibu. Nilidhani amekasirika kwa jambo fulani."

"Hakujua. Naye alidhani wewe ndiye umekasirika. Aliniambia nikuandikie kwamba umsamehe."

"Nimsamehe nini?"

"Habari ya ng'ombe. Hakujua kwamba walikuwa wanakufa."

"Ng'ombe," alisema Mzee Ndahani. "Lile neno la ng'ombe ndilo lililonichekesha mwaka mzima huu." Kisha akasema, "Haya," na simu ikakatika.

Semeni hakuomba ruhusa kwa mtu. Alipanda pikipiki ya kukodi hadi mjini, akaingia Baraza la Mienendo akiwa na kanga ya msiba kiunoni. Kivuli chake mlangoni kiliinamisha kichwa kwa adabu kama kawaida, na kwa mara ya kwanza alitamani kukipiga kofi.

Afisa aliyempokea aliitwa Bibi Nyagawa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alisikiliza bila kumkatiza. Halafu akafungua jalada, akaanza kusoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani:

"'Mtandaoni mtu husema kile alichokificha uso kwa uso, na kazi ya mchoraji ni kukitoa nje.' Haya ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Uliyaamini?"

"Yalikuwa maneno mazuri."

"Sikuuliza hilo, binti."

Semeni alitazama chini. "Sikuyaamini."

"Ulijua tangu lini kwamba huyu mzee hana ubaya?"

"Tangu nikiwa na miaka saba."

Akaeleza. Baba yake, mtoto wa kwanza wa Babu Atilio, alikufa kwa ajali ya gogo kiwanda cha mbao. Siku ya maziko mama yake hakuwa akilia wala kusema. Alikuwa amekaa tu kama mtungi, siku ya pili hiyo bila kula. Jeneza lilipofikishwa kaburini, Mzee Ndahani alikuwa amelala ndani ya shimo, mikono kifuani, anakoroma. Akasema hatoki, nyumba ni nzuri, imechimbwa kwa kipimo chake, Wahehe watafute nyingine. Wakambembeleza. Akadai kuku. Akaletewa kuku, akasema ni mwembamba, huyo ni njiwa aliyevaa koti. Na mama yake Semeni akacheka. Kicheko kikapasuka, kikageuka kilio, na kilio kikamtoka mpaka jioni, na usiku ule akala. Semeni alikuwa amemshika mkono. Aliuona uso wa Mzee Ndahani alipotoka shimoni. Ulikuwa umelowa machozi, na mdomo ulikuwa bado unatukana.

Bibi Nyagawa alivua miwani. "Hizo ndizo picha za kati zenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Ulizokuwa nazo kichwani, ukachora nyingine."

Mama yule alisukuma kioo mbele yake. "Tia sahihi hapa kwamba ulijua. Na hapa, kwamba cheti kimefutwa." Alingoja hadi Semeni amalize. "Sasa nisikilize. Kukifungua kivuli upya ni siku ishirini na moja, hilo siwezi kulipunguza. Ninachoweza ni kibali cha leo hadi saa moja jioni. Atavaa kinasa sauti kifuani. Likimtoka tusi moja au tishio moja, mtambo utaliongeza kwenye jalada lake na ukaguzi utafungwa. Atabaki hivyo hivyo hadi afe."

"Lakini mama, kutukana ndiyo kazi yake msibani."

"Basi leo atapumzika," alisema Bibi Nyagawa. Hakusema kwa kejeli. Alionekana kama mtu ambaye naye ameshazika wake, na mtani akaja.

*

Mzee Ndahani alifika saa tisa alasiri. Alivaa koti la kijivu, na kwenye mfuko wa kifuani, mahali wazee wanapochomeka kalamu, palikuwa na kinasa chenye taa ndogo ya kijani.

Watu walianza kutabasamu kabla hajafika karibu. Wanawake waliokuwa wakilia walipunguza sauti ili wasikie. "Huyo!" alisema mwanamume mmoja aliyeshika koleo. "Mgogo kaja, fungeni mbwa, fungeni na marehemu!" Wakampisha njia hadi ukingoni mwa kaburi. Jeneza lilikuwa juu ya miti miwili, na kuku jike mwekundu alikuwa amefungwa miguu pembeni, tayari kwa kumbembelezea mtani. Hakuna aliyethubutu kushika kamba za kuteremshia. Ilikuwa zamu yake.

Mzee Ndahani alivua kofia. Akasimama wima.

"Ndugu wafiwa," alisema, "poleni sana kwa msiba huu. Marehemu Mzee Atilio alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mpenda watu. Nilifanya naye kazi kwa amani. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema. Ahsanteni."

Watu walingoja. Walidhani ni mwanzo, kwamba anapanda mlima ili aruke kutoka juu. Mmoja alianza kucheka, akagundua kwamba yuko peke yake, akanyamaza. Mzee alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake.

"Ndahani," aliita Bibi Zelida.

"Naam, mama."

Bibi alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Mama? Mimi? Miaka yote umeniita ng'ombe wa mahari aliyekopeshwa, leo mama?" Aliinuka kwenye mkeka, akashikiliwa na binti zake, akawasukuma. "Mwite mvivu. Mwambie aliiba shoka lako. Sema hata neno moja, baba yangu, watoto wanamzika baba yao kama wanazika mpita njia!"

Mzee Ndahani alitazama chini, kwenye taa ya kijani.

"Alikuwa mtu mwema, mama," alisema.

Semeni hakuweza kuvumilia. Alipenya katikati ya watu hadi ukingoni. "Wewe mzee wa mlenda!" alipaza sauti. "Umechelewa kwa nini? Au ulipanda kobe? Babu yangu kafa makusudi asiione tena hiyo kofia!"

Vijana wawili watatu walicheka, kwa huruma zaidi kuliko kwa raha. Alijua kwamba maneno yale yanaingia kwenye jalada lake mwenyewe, kwa kuwa kinasa hakichagui mdomo. Hakujali. Alikuwa akimwangalia mzee usoni, akitafuta kitu chochote, pembe ya mdomo, kope. Mzee Ndahani alimgeukia, akamtazama vizuri kama mtu anayetazama mtoto wa watu.

"Ahsante, binti," alisema. "Mungu akubariki."

Ikabidi kamba zishikwe. Jeneza likashuka kimya, likatua, na udongo ukafuata. Mtu mmoja alikumbuka kumfungua yule kuku, naye akajikung'uta, akaenda zake mahindini. Bibi Zelida hakulia tena. Alikaa na mikono mapajani, anatazama mbele, na binti zake walipomletea maji hakuyapokea.

Watu walipoanza kurudi uani kwa ajili ya chakula, Mzee Ndahani alimfuata Semeni kwenye kona ya nyumba. Alitembea kwa uangalifu, kiganja kimefunika kinasa, ingawa kukifunika hakukuzuia kitu.

"Mwalimu," aliita.

Semeni aligeuka nyuma amtafute huyo anayeitwa, kisha akaelewa kwamba ni yeye. "Abee, babu."

"Nilitaka kukuuliza. Nimesema vizuri pale?"

Semeni alikitazama kile kiganja juu ya kinasa.

"Nimejizoeza njia nzima, tangu Mtera," mzee aliendelea kwa sauti ya chini. "Neno la 'mchapakazi' alinipa yule askari. Mimi nilikuwa na mengine, nilikuwa nimeyaweka miaka mingi, nikayaacha. Hakuna baya lililonitoka?"

Macho yake yalikuwa yakimngojea. Uani walikuwa wanapakua, na mtu alikuwa akiita wageni wa mbali watangulie.

"Hapana, babu," Semeni alisema. "Umesema vizuri."

Mzee alishusha pumzi. Akainamisha kichwa kidogo kwa adabu, akamshukuru, akaenda kupanga foleni ya kunawa mikono nyuma ya wageni wengine.